Mistari Miwili ya Mlazo

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa. Akiona unywele kwenye sahani, chakula kimekwisha hapo hapo, na kesho yake sahani ile ile anaizunguka kama ina nyoka. Marehemu mama yake alikuwa akimwambia kwamba ataolewa na mche wa sabuni. Mdogo wake, yule aliyemwachia ziwa, alimchokoza kwa makusudi: anatafuna chakula, halafu anafungua kinywa wazi mbele yake ili amwone anavyotimua mbio. Nyumba nzima inacheka. Walipendana sana wale wawili, kwa namna ile ya ndugu wanaojuana pa kuumizana.

Alipokuwa mtu mzima, kinyaa kikahamia kwenye herufi. Aliingia kazi ya kusanifu kurasa katika jarida moja la kila mwezi, na huko akagundua kwamba herufi mbaya zinaweza kumchafua moyo sawasawa na maziwa yaliyochacha. Za mlazo, zile zinazolala upande, ndizo zilizomkera zaidi. Jarida lilichapwa kwenye karatasi rahisi, ile inayofyonza wino kama mkate unavyofyonza chai, na herufi za mlazo walizokuwa nazo zilikuwa nyembamba mno. Zikipita mtamboni, nusu zinamezwa na nusu zinavimba. Neno zima lilionekana kama mguu wa mende uliobaki ukutani baada ya kupigwa kiatu.

Basi akaanza kuchora za kwake. Alizichora nyumbani baada ya kazi, miaka na miaka, akifuta na kurudia. Alizipa mlazo wa wastani, kama mtu anayeinama kidogo amwambie mwenzake jambo, na chini ya kila herufi akaweka kisigino kinene cha mraba ili wino ukija usiimeze. Alihangaika mno na k na w, maana lugha yetu haiendi hatua bila herufi hizo mbili, na zinazochorwa na watu wa mbali huziacha zimetengana kama wagomvi kwenye benchi moja. Zake zilikaa pamoja zikapatana. Kwa vile alikuwa hachoki kueleza habari za visigino, ofisini wakamwita Kisigino, na jina likamganda.

Mhariri wa jarida alikuwa shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake. Siku alipokabidhiwa kiti cha uhariri, Kisigino alimpa zile herufi azitumie bure, bila karatasi wala sahihi, kwa undugu tu. Zikapewa kazi moja. Katika kila makala yalichomolewa maneno ya mtu aliyehojiwa, yakawekwa katikati ya ukurasa kwa mlazo mkubwa, na hiyo ndiyo iliyoitwa dondoo. Wasomaji wakazoea. Wakiziona zile herufi zilizoinama na viatu vyake vizito, wanajua hapa mtu ametoa ya moyoni. Wengine walikiri waziwazi kwamba husoma dondoo tu, kisha wanalifunika jarida na kuendelea na shughuli zao.

Shemeji alikuwa mcheshi, ana sauti ya kubembeleza, na watu walimpenda. Kisigino naye alimpenda, ila kwa kujikaza kisabuni, kwa sababu bwana yule alikula kwenye meza ya kazi kutwa nzima. Alilamba kidole kabla ya kufunua kila ukurasa. Alichokonoa meno kwa kijiti huku akisoma, na kijiti kile kile akakitumia kuonyesha kosa kwenye karatasi. Ukurasa ukirudi kutoka kwake una doa la mafuta na doa la mate, na Kisigino anaushika kwa ncha za kucha, anautupa, anachapa mwingine. Hakuwahi kusema neno. Angesemaje, naye ni shemeji?

Ndipo ikaja makala ya kiwanda cha nyama ya makopo. Mwandishi wa jarida, mwanamume mtaratibu mwenye kikohozi kisichopona, alikuwa ameshinda na watu wa mtaa ulio nyuma ya kiwanda hicho, mahali ambapo mfereji wa taka unapita milangoni mwa nyumba. Akaandika alichokiona, akamkabidhi mhariri. Mhariri akakaa nayo. Alipomletea Kisigino, alimuuliza dondoo ikae mistari mingapi.

“Miwili,” Kisigino akamjibu bila kuinua kichwa. “Ikizidi hapo inapoteza nguvu.”

Shemeji akarudi na mistari miwili. Ilikuwa maneno ya mwanamke mmoja wa mtaa ule aliyeitwa Mama Pacha: *Harufu tumeshaizoea. Kiwanda ni mzazi wetu.* Kisigino akaipanga, akaisogeza huku na huko, akafurahi jinsi zile k na w zilivyoshikana. Makala yenyewe hakuisoma. Wasanifu wengi hawasomi. Wanayatazama maandishi kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa, na hawajiulizi kitambaa kinakwenda kumvika nani. Shemeji akamsifu mpaka akaona haya, akasema ukurasa ule ungefaa kuwekwa kwenye fremu. Na nyuma ya jarida, kwenye jalada, likawekwa tangazo la kiwanda, kopo jekundu linalong'aa. Hilo nalo alilipanga yeye mwenyewe, mikono ikiwa imezoea kazi.

Jarida lilipokuwa limeshasambaa, asubuhi moja mwanamke akaingia ofisini amebeba ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Shemeji alimwona kupitia kioo cha mlango wake. Akainuka, akaweka simu sikioni, akapita mlango wa nyuma akiongea na simu ambayo hata haikuwa imewaka. Kisigino ndiye aliyebaki karibu.

Mwanamke alitoa jarida kwapani, akalifunua penye ile makala, akaweka kidole juu ya dondoo. Akasema anamtaka aliyeandika haya. Kisigino akamwambia mwandishi ametoka, atarudi mchana.

“Makala sina habari nayo,” yule mwanamke akasema. “Mimi sijaisoma, na mtaani kwetu hakuna aliyeisoma. Namtaka mwenye haya makubwa.”

Kisigino alikuwa na nafasi ya kusema hajui. Lakini kidole cha yule mama kilikuwa kimetulia juu ya herufi yenyewe, k ile aliyoihangaikia miaka yote, na mdomo ukamtangulia. “Hizo ni zangu,” akasema.

“Kama ni zako, basi karibu.” Ndiye Mama Pacha mwenyewe. Akaitua ndoo mezani, akafungua kifuniko. “Hiki ndicho nilichokizoea.”

Ndani mlikuwa na maji ya kijivu yenye utando wa mafuta juu, mnene, umeganda mikunjo kama ngozi ya uji uliopoa. Vipande vya nyama vilielea vikiwa vimepauka, na kando ya kimoja kulikuwa na kitu cheupe kikijikunja na kujikunjua. Harufu haikusubiri kusogelewa. Ilimpanda puani, ikashuka kooni, ikakaa kwenye ulimi kama amelambishwa. Kisigino alikimbilia beseni la kunawia mikono, akatapika mpaka akabaki anatoa nyongo.

Alipogeuka, ndoo ilikuwa imefunikwa. Mama Pacha alikuwa amesimama karibu yake na bilauri ya maji.

“Nawa uso, dada,” akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali. “Na mimi mwanzoni nilikuwa natapika hivyo hivyo.”

Walikaa. Mama Pacha akaeleza kwamba wanawake wa mtaa ule walikuwa wameungana kukishtaki kiwanda, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yao, kwa kuwa pacha wake wawili wamejaa vidonda miguuni na dawa hazisaidii. Jarida lilipotoka, wenzake wakasema amenunuliwa. Hawakumtukana, waliacha tu kumsalimia. Kwenye bomba la maji wanampitishia zamu kama hayupo. Kila mmoja amesoma ile mistari miwili, na kila mmoja anajua maneno yaliyoandikwa kwa namna ile ndiyo maneno ya mtu mwenyewe, hayana mkono wa mwandishi.

“Maneno ni yangu,” akasema. “Nilipoyaona niliyatambua. Ndiyo maana nashindwa kujitetea.”

Mwandishi aliporudi, Kisigino alimfuata mezani kwake kabla hata hajavua koti. Yule bwana alikohoa kwa muda mrefu, labda zaidi ya alivyohitaji. Kisha akatoa simu, akatafuta ile sauti aliyoirekodi, akaiweka baina yao. Ilikuwa sauti ya Mama Pacha, na nyuma yake watoto wakilia. Alikuwa amesema hivi:

“Wanasema harufu tumeshaizoea. Waje wao walale hapa. Wanasema kiwanda ni mzazi wetu. Mzazi gani huyo, anayejisaidia mlangoni kwa wanawe?”

Mwandishi akamwambia kwamba makala aliyoiandika yeye ilikuwa na maneno yote hayo, na mengine, na kwamba alipoiona imechapwa maneno yamekatwa alikaa kimya kwa sababu ana watoto shuleni. Alisema hivyo akitazama kiatu chake. Kisigino alimwona kinyaa, kisha akakumbuka aliyempangia Mama Pacha mistari miwili ni nani.

Jumapili ile alikuwa ameitwa chakula cha mchana kwa mdogo wake, kama ilivyokuwa kawaida yao. Alikwenda akiwa amejiandaa kuongea na shemeji kistaarabu, pembeni. Lakini alipoingia ukumbini akakuta maboksi ya makopo yamepangwa ukutani mpaka kufikia swichi ya taa, mekundu, yanang'aa, na mdogo wake akampita akisema ajisogeze asije akayaangusha, ni zawadi ya watu wa kiwandani, wameleta na mengine yako stoo. Mezani nyama ilikuwa imeshapakuliwa. Ilikuwa na ule mng'aro wa mafuta yaliyoanza kuganda pembeni mwa sahani.

Mdogo wake alikuwa anamtazama, na Kisigino hakutaka kumvunja moyo. Akachukua kipande, akakitia kinywani, akakihamisha shavu hili na lile. Kumeza hakuweza. Akiwa na kile kipande shavuni akamgeukia shemeji.

“Yule mama alisema ‘wanasema’,” akamwambia. “Neno hilo limekwenda wapi?”

Shemeji alimaliza kutafuna kwanza. “Nafasi,” akasema. “Si wewe uliyeniambia mistari miwili? Nimekata tu, sijaongeza hata herufi moja. Kila neno pale ni lake.” Akalamba uma pande zote mbili, akauchovya tena kwenye bakuli la watu wote. “Halafu nilikuwa nataka nikupe habari njema. Watu wa kiwandani wamezipenda zile herufi. Wanataka waziweke kwenye makopo mapya. Wanasema zina sauti ya mtu mkweli. Nimewaambia waondoe shaka, hizo ni za nyumbani.”

Hapo ndipo kile kipande cha nyama kilipogeuka ulimini mwake kikawa kitu kingine. Alihisi utando wa ile ndoo, alihisi kimejikunja. Alikitema kiganjani, mbele ya wote, akabaki amekishika hana pa kukiweka.

“Dada, tafadhali,” mdogo wake akasema. Akaweka kijiko chini. “Kila kitu kinakutia kinyaa wewe. Tangu utoto wetu. Sahani zilikutia kinyaa, vikombe vilikutia kinyaa, watoto wa watu wakipenga kamasi unahama chumba. Sasa imefika zamu ya mume wangu?”

Mdogo wake hakuwa amesema uongo. Kisigino alinawa mikono, akaaga. Shemeji alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akimbembeleza, akimwambia asiwe na haraka ya kukasirika, na akampa kopo moja akale nyumbani. Alilipokea kwa kutojua la kufanya. Kwenye pipa la taka la kwanza alilolikuta njiani akalitupa, kisha akajipangusa mkono kwenye sketi kama aliyeshika panya.

Maneno ya mdogo wake yalimsumbua kutwa na kucha. Huenda ni kweli. Huenda ni mtu tu asiyevumilia chochote, na sasa anakiita kinyaa chake jina la haki. Ili ajue, siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda mtaani kwa Mama Pacha kuona kwa macho yake.

Mfereji ulikuwa karibu na milango kuliko alivyodhani. Watu walikuwa wameweka mbao za kuvukia, nazo zimelowa mafuta mpaka zinateleza. Inzi hawakuruka alipopita, walikuwa wameshiba. Pacha wa Mama Pacha walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, wamenyoosha miguu, na kila mmoja alikuwa anamfukuzia mwenzake inzi wa vidondani kwa kipande cha boksi, bila hata kutazama, kama wanavyofanya wazee wenye mazoea. Kisigino aliona vile vidonda. Alijilazimisha asigeuze uso. Moyo ulimchafuka, na safari hii hakujilaumu hata kidogo, kwa sababu aligundua kwamba kila mtu aliyepita pale, mkubwa kwa mdogo, alikuwa amekunja pua. Hakuna aliyezoea chochote. Walikuwa wameishi wamekunja pua miaka yote.

Mama Pacha akampeleka bombani. Ukutani, juu ya bomba, mtu alikuwa amebandika ule ukurasa wa jarida. Umelowa, umepakwa mafuta ya mfereji kwa vidole, na mtu mwingine ametemea mate yaliyokauka yakaacha michirizi. Maandishi madogo ya makala yalikuwa yameyeyuka yote, hakuna linalosomeka. Dondoo ilisomeka. Herufi zake alizichora zivumilie karatasi mbaya na wino mbaya, nazo zilikuwa zimevumilia vizuri mno. *Harufu tumeshaizoea.* Kila kisigino kilikuwa mahali pake.

Aliona kinyaa cha kazi ya mikono yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kumpata maishani. Akanyoosha mkono ili aung'oe ule ukurasa, lakini Mama Pacha akamzuia.

“Ukiung'oa watasema ni mimi niliyeung'oa,” akasema. “Waache.”

Kisigino akarudi ofisini, akaingia kwa shemeji bila kubisha hodi. Akamwambia mambo mawili. Kwanza, herufi haziendi kwenye kopo lolote. Pili, toleo lijalo maneno ya Mama Pacha yachapwe yote, kwa mlazo ule ule, kwa ukubwa ule ule. Shemeji alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa. Akasema la kopo watalizungumza, hakuna haraka. Na hilo la pili atatoa masahihisho, jarida linalo desturi ya masahihisho. Alimwonyesha mahali: ukurasa wa ndani kabisa, pembeni, chini ya anwani ya ofisi, kwa herufi ambazo mtu mwenye macho mazuri angezisoma kwa kuzikaribia.

Kisigino hakubishana. Alikwenda mezani kwake, akayapanga maneno yote ya Mama Pacha ukurasa mzima, bila picha, bila kichwa cha habari. Mlazo mkubwa uliojaa kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuficha; aliuweka kwenye mafungu ya kurasa pamoja na nyingine, akazituma kwa wachapaji. Ndani yake alijua shemeji atauona. Alichotaka kujua ni atafanya nini akiuona.

Jarida liliporudi kutoka mtamboni, mahali pa ule ukurasa palikuwa na kopo jekundu. Shemeji alikuwa ameketi na nakala yake, akila, kidole kikienda mdomoni na kurudi kwenye karatasi.

“Nimekunusuru,” akamwambia. “Wangekushtaki wewe na mimi.”

“Herufi nilikupa kwa undugu,” Kisigino akasema. “Hatukuandikiana. Basi leo nazichukua, na hilo nalo hatuandikiani.”

“Na mdogo wako nimwambie nini?”

“Mwambie ukweli. Kama utatoka mfupi, usijali, mistari miwili inatosha.”

Akazifuta kwenye kila kompyuta ya ofisi, moja baada ya nyingine, watu wakimtazama. Akakusanya vitu vyake, akaondoka. Hakuwa na kazi, na mtu aliyemfanya aiache alikuwa baba wa watoto wa mdogo wake.

Yale maneno aliyapeleka kwenye duka la kuchapisha matangazo ya mikutano na nyumba za kupanga. Akayachapa kwenye karatasi kubwa kubwa, rahisi kama zile za jarida. Mwandishi alijitokeza bila kuitwa, kikohozi na vyote, akasema atashika ndoo ya gundi. Walikwenda mchana kweupe, wakabandika kwenye kuta zote kuanzia njia kuu hadi bombani, na Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyebandika ile ya juu ya bomba, akaifunika dondoo ya zamani. Gundi ya unga wa ngano ilimwingia Kisigino kwenye kucha na kukauka juu ya vidole kama ngozi ya pili. Inzi wakaifuata. Alifanya kazi meno yakiwa yameumana, akijipangusa kila baada ya karatasi moja.

Wanawake waliokuja kuteka maji wakasimama, wakasoma. Mmoja akasoma kwa sauti kwa ajili ya mama mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, na alipofika kwenye mzazi anayejisaidia mlangoni, yule mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Hawakumkumbatia Mama Pacha. Mmoja wao alimwambia kwamba hata kama alikatwa maneno, angejua kufunga mdomo mbele ya waandishi. Lakini jioni ile walimpa zamu yake bombani, na mwenye ndoo iliyokuwa mbele akaivuta kando kumpisha.

Kesi wakaiendeleza pamoja, na hadi leo inaahirishwa na kuahirishwa. Kiwanda kilifunika mfereji kwa zege, wakapiga picha za uzinduzi. Harufu inapenya kwenye nyufa, na mvua ikinyesha taka zinabubujika juu ya zege. Mwandishi alihamia gazeti jingine. Jarida likarudia zile herufi nyembamba za zamani, na Kisigino alisubiri kusikia msomaji hata mmoja akilalamika. Hakusikia. Hilo lilimkata maini kuliko yote, ingawa hakumwambia mtu.

Kazi aliipata, ya kupanga vitabu vya shule, kazi isiyo na sifa. Siku moja akiwa dukani kununua sabuni, akaliona kopo jipya rafuni. Jina la nyama lilikuwa limelala ubavu, lina visigino vinene, na kwa mbali akadhani ameibiwa. Akalisogelea, akalishika. Hazikuwa zake. Walikuwa wamechukua herufi za kusimama wakazisukuma kando kwa kompyuta, ndiyo basi. Herufi ya mlazo huchorwa upya tangu mwanzo, pamoja na kuhamisha unene wa mistari yake. Hizi zilikuwa kama watu waliopigwa kikumbo wakiwa wamesimama wima, visigino vimeinuka upande mmoja, na o imebonyea kama yai bovu. Chini ya jina waliandika kwa herufi hizo hizo: *Kama mama apikavyo.* Mwanamke mmoja akapitisha mkono mbele yake, akachukua makopo kadhaa bila kuyatazama, akaenda kulipa. Kisigino akalirudisha lile alilolishika. Akasahau sabuni.

Mdogo wake hakumpigia simu kwa muda mrefu. Alikuja mwenyewe, alasiri moja, bila taarifa, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni. Akaulizia afya, akaulizia kazi, akasifia mapazia.

“Nina swali moja, dada, na usinijibu kwa hasira,” akasema. “Na mimi unaniona mchafu?”

Kisigino alifikiri kabla ya kujibu, maana alijua jibu la haraka litakuwa la kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

“Wewe si mchafu,” akasema. “Lakini kwenye meza ile siwezi kula tena.”

“Ni meza yangu ile.”

“Najua.”

Mdogo wake alitazama sakafu. Akaeleza kwamba amemwomba mume wake amwekee ile sauti ya yule mama, aisikie mwenyewe, na mume amesema hana, haijulikani iko wapi. Alilisema hilo bila kuongeza maoni, lakini mdomo wake ulikunjana pembeni, kwa namna ambayo Kisigino hakuwahi kuiona usoni mwake. Akauliza kama yule mama bado anaishi pale pale. Kisigino akamwambia yupo, na akitaka anaweza kumpeleka, si mbali.

“Si leo,” mdogo wake akasema.

Kisigino akamsindikiza mpaka kituo cha basi. Njiani waliongea habari za watoto, za bei ya vitu, za jirani wa zamani aliyefariki. Basi lilipofika, mdogo wake akamshika mkono kwa nguvu, akapanda. Siku hakutaja, na Kisigino hakumshurutisha.